Beki Huchelewa Kuiva: Walinzi wa Magongo wa Nairobi, Kutoka Eastleigh Hadi Barafuni

Beki ndiye mchezaji wa magongo anayechelewa kuiva kuliko wote wanaocheza mbele yake. Mshambuliaji wa miaka 17 mwenye mbio na mkono mwepesi anaweza kufunga bao wiki yake ya kwanza katika timu ya wakubwa. Akikosa mara tisa, ile ya kumi humfutia makosa yote. Beki hana nafasi kama hiyo. Nyuma yake yuko kipa peke yake, na kosa lake moja huhesabiwa kuwa bao la wapinzani. Anahitaji miaka ya kusoma mchezo: kujua lini atoke kumkabili mtu na lini arudi nyuma, na kumtambua mshambuliaji kwa jinsi anavyoinamisha bega. Kwa hiyo mustakabali wa beki chipukizi, awe wa magongo ya uwanjani au ya barafuni, haupimwi kwa kipaji pekee. Hupimwa pia kwa watu watakaomvumilia, kwa mahali pa kuchezea wakati anavumiliwa, na kwa anayemlipia nauli. Jijini Nairobi historia ya jambo hilo inaanzia kwenye mitaa iliyokaliwa na Waasia wakati wa ukoloni, na Eastleigh ulikuwa mmoja wa mikubwa.

Eastleigh ulizaliwa mwaka 1921, pale maeneo mawili yaliyoitwa Nairobi East Township na Egerton Estate yalipounganishwa na kupewa jina moja. Jina lililetwa na Waingereza, lakini wakazi walilichukua wakalilainisha likawa Isilii, na hivyo ndivyo makondakta wanavyoliita hadi leo. Serikali ya kikoloni iligawa makazi kwa rangi. Wazungu walipewa vilima vya magharibi, Waafrika wengi wakasongamanishwa Pumwani na katika mitaa iliyojengwa baadaye, na Eastleigh ukaangukia Waasia pamoja na Waafrika wachache wenye kazi za ukarani, ujenzi na ushonaji viatu. Wasomali nao walikuwapo tangu mapema. Barabara zilichorwa zikanyooka, zikapewa nambari badala ya majina, na viwanja vya nyumba vikawa vikubwa kiasi cha kubakiza ua. Upande wa mashariki uwanja wa ndege ulifunguliwa mwaka 1940 kwa ajili ya jeshi la anga la Uingereza. Ndege za abiria nazo zilitua hapo mpaka uwanja wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka 1958.

Waasia hao hawakuwa jamii moja. Walikuwapo Wapunjabi, Masingasinga kwa Waislamu, ambao wengi wao walifuata kazi za reli, ufundi na ujenzi. Walikuwapo Waismailia wa maduka. Walikuwapo pia Wagoa, Wakatoliki wenye majina ya Kireno, waliojaza ofisi za serikali na za reli kama makarani, na ambao maisha yao mtaani yalizunguka kanisa na shule, kama ilivyokuwa St Teresa's. Makundi haya yalitofautiana kwa dini, chakula na lugha ya nyumbani. Kitu kimoja kiliwakutanisha Wapunjabi na Wagoa kila mwisho wa juma: mpira wa magongo.

Mchezo huo ulifika India kupitia jeshi la Waingereza, ukashika mizizi huko hata India ikachukua dhahabu ya Olimpiki mara sita mfululizo, kuanzia 1928 hadi 1956. Nairobi haikuwa mbali na habari hizo. Kila jamii ilikuwa na klabu yake. Masingasinga walikuwa na Sikh Union. Wagoa walikuwa na klabu kadhaa, mojawapo ikiwa Goan Institute iliyojengwa kando ya Juja Road, barabara ile ile inayopakana na Eastleigh. Klabu ilikuwa ukumbi wa harusi, baa, maktaba na chama cha kuzikana kwa pamoja, lakini heshima yake mjini ilitokana na timu yake ya magongo. Mtoto aliyezaliwa katika jamii hiyo alikuta ngazi imeshasimamishwa: timu ya shule, timu ya pili ya klabu, timu ya kwanza, kisha timu ya taifa. Alikuta pia wajomba na baba wadogo waliokaa pembeni mwa uwanja kila Jumapili, wakijua jina lake na udhaifu wake.

Viwanja vingi vilikuwa vya muramu, yaani udongo mwekundu wenye changarawe, uliomwagiwa maji na kushindiliwa kwa roli mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Inafaa kuutazama kwa karibu, kwa kuwa ndio uliowatengeneza mabeki wa Kenya. Kwenye muramu uliotunzwa vizuri mpira huenda kasi na huenda sawa, lakini kijiwe kimoja kilichochomoza hutosha kuurusha hadi kwenye goti. Beki aliyekua hapo alijifunza kuinama chini kuliko wengine, kuweka mwili nyuma ya gongo, na kamwe kutoamini mpira mpaka umegusa mti. Gongo lenyewe lilikuwa la mforsadi, na mengi yalitengenezwa Jalandhar na Sialkot. Lina uso mmoja tu bapa, na sheria inataka mpira uguswe kwa uso huo. Tena hakuna gongo la mkono wa kushoto. Wote hushika namna moja. Kwa hiyo mpira ulio kuliani mwa mchezaji uko upande wake wa nguvu, na ulio kushotoni uko upande wa mashaka.

Kutokana na sheria hiyo ndogo ilizaliwa elimu nzima ya ulinzi. Winga wa kulia wa wapinzani humjia beki wa kushoto kwa upande wake dhaifu, na beki asiyejua atanyoosha gongo lililogeuzwa na kuambulia hewa. Anayejua hasubiri. Husogea hatua moja mapema, akamziba njia ya nje, akamlazimisha aingie ndani ambako gongo lake lina nguvu. Zama hizo timu zilipanga mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano, na sheria ya kuotea ilikuwa bado ipo. Beki mmoja alipanda, mwenzake akabaki nyuma kumfunika, kisha wakabadilishana kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Wawili hao walihitaji misimu mingi ya kucheza pamoja kabla ya kuelewana bila kuitana. Klabu za jamii ziliweza kuwapa misimu hiyo, maana mchezaji wake hakuwa na pa kuhamia. Alizaliwa humo, akaoa humo, akazeeka humo.

Kenya ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza Melbourne mwaka 1956, na timu ya magongo ilikuwamo. Miaka minane baadaye, Tokyo 1964, ilimaliza ya 6. Katika orodha ya wachezaji wa Tokyo jina la Fernandes lilijirudia mara kadhaa, karibu na Mendonca, Vaz na D'Souza, na kando yao wakapangwa Masingasinga. Nahodha alikuwa beki, Avtar Singh Sohal, aliyejulikana kwa wote kama Tari.

Sohal ndiye mfano kamili wa beki aliyeachwa akaiva. Alizaliwa mwaka 1938, akacheza Olimpiki nne mfululizo: Rome 1960, Tokyo 1964, Mexico 1968 na Munich 1972, tatu za mwisho akiwa nahodha. Michezo yake ya kimataifa ilihesabiwa kufika 167, hesabu iliyoingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Mwenzake Surjeet Singh Panesar naye alicheza Olimpiki hizo hizo nne. Kwa wachezaji ambao hawakulipwa mshahara kwa kucheza, huo ni uaminifu wa ajabu, na pia ni ushahidi wa mfumo uliokuwa nyuma yao. Sohal alifika Rome akiwa na miaka 22 na Munich akiwa na 34. Katikati ya safari hizo mbili kuna miaka 12 ambayo kila mwisho wa juma palikuwa na uwanja, mpinzani na mwamuzi, kilomita chache kutoka nyumbani. Alipoacha kucheza aligeukia ukocha.

Kilele chenyewe kilikuja Barcelona mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo. Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na Hispania bao 1 kwa 0, kisha ikapoteza nafasi ya tatu kwa India kwa mabao 2 kwa 1. Ilimaliza ya nne duniani. Sensa ya 1969 iliwahesabu Waasia wa Kenya kuwa takriban 139,000, wakiwamo watoto, wazee na wanawake ambao hawakuruhusiwa hata kufikiriwa. Timu iliyotoka kwa sehemu kubwa katika jamii ya ukubwa wa mji mdogo ilisimama bega kwa bega na Pakistan, Hispania na India. Hakuna timu nyingine ya mchezo wa mpira ya Kenya iliyowahi kufika juu namna hiyo katika Kombe la Dunia hadi wakati huo, na ni makosa kwamba vijana wengi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, hawajawahi kusikia habari zake.

Lakini wakati timu inacheza Barcelona, watu waliokuwa nyuma yake walikuwa wameshaanza kufunga masanduku. Baada ya uhuru wa 1963 wakazi wasio raia kwa kuzaliwa walipewa miaka miwili kuomba uraia, na Waasia wengi wakabaki na pasi za Uingereza. Mwaka 1967 zilikuja sheria za uhamiaji na leseni za biashara, ambazo ziliwabana wasio raia. Uingereza nayo ikaziba mlango wake mnamo Machi 1968, na kabla haujafungwa watu walikimbilia uwanja wa ndege. Mwaka 1962 Waasia walikuwa takriban 177,000 nchini. Sensa ya 1979 iliwakuta chini ya 80,000. Eastleigh uliondokewa nyumba kwa nyumba. Wagoa walikwenda Uingereza, Canada na Ureno, Masingasinga wengi Uingereza, na wengine waliobaki wakahamia Parklands na Ngara. Pamoja nao waliondoka wale wajomba wa pembeni mwa uwanja, na hasara hiyo haionekani katika rekodi yoyote ya matokeo.

Mapigo mengine mawili yalifuata. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo, ziliisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Sababu ilikuwa ya haki. Hata hivyo kwa mabeki waliokuwa na miaka 24 au 26 ilikuwa Olimpiki iliyopotea, na Moscow 1980 ikapotea pia. Vilevile Montreal ndiko magongo ya Olimpiki yalikochezwa kwa mara ya kwanza kwenye nyasi bandia. Zulia hilo lilibadilisha kazi ya ulinzi moja kwa moja. Mpira hauruki ovyo tena, huteleza, na pasi ya mita 40 hufika kabla beki hajageuka. Ujanja wa muramu ulipungua thamani, na nafasi yake ikachukuliwa na mbio, pumzi na mazoezi ya kila siku juu ya zulia lenye bei kubwa. Nairobi ililipata zulia lake City Park kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Wanaume wa Kenya walitwaa dhahabu hapo na kwenda Seoul 1988. Tangu Seoul hawajarudi Olimpiki. Wachezaji wa Kiafrika kutoka shule za bweni, vyuo na vikosi vya usalama waliibeba timu baada ya Waasia kuondoka, tena kwa moyo, lakini wakigawana zulia moja la kimataifa jiji zima.

Eastleigh wenyewe ulikuwa unageuka kitu kingine. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi wengi walifika Nairobi na kushukia mahali ambapo jamaa zao walikuwa tangu enzi za ukoloni. Nyumba moja ya kulala wageni, Garissa Lodge, ndiyo husimuliwa kama mwanzo wa biashara mpya. Chumba cha kulala kiligeuka duka mchana: kitanda kikawa meza ya bidhaa, nguo kutoka Dubai zikaning'inizwa ukutani, na mlango ukawa dirisha la kuuzia. Baadaye vitanda viliondolewa kabisa. Kutoka hapo maduka ya ghorofa yaliota moja baada ya jingine, na Eastleigh ukawa soko linalolisha mitaji ya wachuuzi kutoka Kampala hadi Goma. Ni ufanisi mkubwa, uliojengwa na watu waliofika mikono mitupu, na jiji zima limefaidika nao. Gharama yake moja ni ardhi. Ua wa nyumba za zamani umefunikwa na saruji, na barabara zile zilizonyooka zimejaa mikokoteni, matatu na wanunuzi. Mtoto wa Section One au Section Two anayetaka kucheza huchezea uwanja wa shule, au huvuka kwenda Kamukunji, Ziwani na Pumwani.

Huko Kamukunji mchezo unaotawala ni soka, na ndiko ngazi nyingine ya kwenda ng'ambo ilikojitokeza. McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama walikulia Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli usio mbali na Eastleigh, wakasoma Kamukunji High School. Wote wawili walikuwa viungo wa ulinzi, kazi ya kumkinga beki, na wote waliingia Ulaya kwa mlango wa Sweden. Mariga alianzia Enköping mwaka 2005 kisha Helsingborg, na mwaka 2010 alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa. Wanyama alijiunga na Helsingborg mwaka 2007 akiwa na miaka 16, akaendelea hadi Celtic, Southampton na Tottenham.

Sweden hiyo hiyo ndiyo iliyomlea beki wa magongo ya barafuni mwenye asili ya Kenya aliyefika mbali kuliko mwingine yeyote. Johnny Oduya hakuzaliwa Nairobi. Alizaliwa Stockholm mwaka 1981, mama yake Msweden na baba yake Mkenya. Safari yake inastahili kusimuliwa kwa urefu, kwa sababu hakuna inayoonyesha vizuri zaidi jinsi mustakabali wa beki kijana unavyopimwa, na jinsi vipimo vinavyokosea.

Ligi kuu ya Marekani na Canada, NHL, huchagua vijana kila mwaka. Klabu hupokezana kuchagua raundi baada ya raundi, na wengi wanaochaguliwa wana miaka 18. Skauti hutazama urefu, kasi, mkono, na idadi ya mabao na pasi. Kwa mshambuliaji namba hizo husema mengi. Kwa beki husema nusu tu, kwani kazi yake nzuri zaidi ni jambo ambalo halikutokea: pasi isiyopigwa kwa sababu alishasimama njiani. Oduya alikwenda Canada akiwa kijana, akacheza ligi ya vijana ya Quebec, na mwaka 2001 Washington Capitals wakamchagua katika raundi ya 7, akiwa wa 221. Kaka yake Fredrik, naye beki, alikuwa amechaguliwa na San Jose mwaka 1997. Kuchaguliwa wa 221 ni karibu sawa na kutochaguliwa. Washington hawakumpa mkataba.

Alirudi Stockholm na kuanza upya na Hammarby, katika daraja la pili. Alikaa huko misimu miwili, akapanda hadi Djurgården, kisha Frölunda ya Gothenburg. Hiyo ni miaka mitano ya kucheza ligi yenye ushindani, karibu na nyumbani, bila kelele, huku akijifunza kurudi nyuma kwa kuteleza akiwa amemkabili mshambuliaji uso kwa uso na kulinda umbali wa gongo moja kati yao. Ni somo lile lile la beki wa muramu, ila linafanywa juu ya vyuma viwili vyembamba, dhidi ya kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. New Jersey Devils walimsajili mwaka 2006. Alikuwa na miaka 25 alipoanza NHL, umri ambao wengi waliochaguliwa mbele yake walikuwa wameshaachwa.

Baada ya hapo hakutoka. Mwaka 2010 alihamishiwa Atlanta katika biashara iliyompeleka mfungaji mashuhuri Ilya Kovalchuk New Jersey. Klabu ilipohamia Winnipeg alikwenda nayo, na Februari 2012 akauzwa Chicago Blackhawks. Chicago alipangwa na Msweden mwenzake, Niklas Hjalmarsson, na wawili hao wakapewa kazi ya kuwakabili washambuliaji hatari zaidi wa kila mpinzani. Tarehe 24 Juni 2013 mjini Boston, katika mchezo wa sita wa fainali, Chicago walisawazisha ikiwa imebaki zaidi kidogo ya dakika moja. Sekunde chache baadaye Oduya alipiga kisahani kutoka mbali. Kiliguswa njiani, kikagonga mlingoti, kikamwangukia Dave Bolland aliyekisukuma wavuni. Mabao mawili katika sekunde 17, mabao 3 kwa 2, na Kombe la Stanley, taji la NHL, likawa lao. Alilitwaa tena mwaka 2015. Katikati, mwaka 2014, alivaa medali ya fedha ya Olimpiki ya Sochi pamoja na Sweden. Alicheza michezo 850 ya msimu wa kawaida wa NHL. Waliokuwa wamemweka wa 221 walipima kijana wa miaka 19, nao hawakuwa na njia ya kumwona mtu wa miaka 30 aliyekuwa ndani yake.

Sweden ilitoa pia hadithi iliyo karibu zaidi na watu wa Eastleigh. Mwaka 2013, katika mji wa Borlänge, vijana wa Kisomali ambao familia zao zilikimbia vita walianzisha timu ya taifa ya Somalia ya bandi. Bandi ni ndugu wa magongo ya barafuni: huchezwa na watu 11 kila upande, kwa mpira badala ya kisahani, kwenye uwanja wenye ukubwa kama wa soka. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuvaa viatu vya kutelezea. Mwaka 2014 walishiriki ubingwa wa dunia mjini Irkutsk, Siberia, wakafungwa vibaya, na wakarudi tena miaka iliyofuata. Eastleigh ni kituo ambacho familia nyingi za Kisomali zilikipitia kabla ya kupata nchi ya tatu, na fedha za Sweden hurudi mtaani humo kila mwezi kwa hawala. Njia ya kufika barafuni, kwa hiyo, ilipita katika barabara zake muda mrefu kabla mtu hajaifikiria kuwa njia ya mchezo.

Barafu ya Nairobi yenyewe ilipatikana mwaka 2005, pale hoteli ya Panari kwenye Mombasa Road ilipofungua uwanja wa kuteleza, wa kwanza Afrika Mashariki. Ulikusudiwa watalii na watoto wa wenye uwezo. Katika muongo uliofuata wageni kutoka Canada na Marekani wanaofanya kazi Nairobi walianza kucheza magongo hapo, na vijana wa Kenya waliokuwa wakiteleza kwa viatu vya magurudumu barabarani wakajiunga. Mguu uliozoea magurudumu hujifunza barafu upesi. Timu yao ikaitwa Ice Lions. Kwa miaka kadhaa hawakuwa na mpinzani hata mmoja, wakagawana wao kwa wao. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons iliwapeleka Canada wakacheza mchezo wao wa kwanza dhidi ya timu nyingine, na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa NHL, wakaingia chumbani mwao wakavaa jezi ya Kenya na kucheza nao. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Mshambuliaji anaweza kujifunza mengi Panari: mkono, pasi fupi, kugeuka. Beki ndiye anayepungukiwa. Uwanja ni mdogo kuliko ule rasmi, na wachezaji wanaoingia kwa wakati mmoja ni wachache. Somo kubwa la beki wa barafuni ni umbali: kumpokea mshambuliaji tangu katikati, kurudi nyuma mita 20 akimbana pole pole kuelekea ukutani, na kumnyima nafasi kabla hajafika golini. Somo hilo haliwezi kufundishwa mahali ambapo katikati na golini ni hatua chache. Kijana wa Kenya mwenye mwili, mbio na akili ya Oduya angefika hapo akajifunza kupambana, asijifunze kusubiri. Tena janga la korona lilipoufunga uwanja huo mwaka 2020, wachezaji walirudi kwenye lami na viatu vya magurudumu.

Kwa kipimo hicho, kizazi cha Sohal kilikuwa na utajiri ambao hakikujua kuwa ni utajiri: viwanja vingi, wapinzani wengi, miaka mingi. Kijana wa leo wa Eastleigh ana jamaa Stockholm, Minneapolis na Toronto, ana simu inayomwonyesha kila mchezo wa NHL, na ana nafasi duni ya kusimama na gongo. Anayetaka kumsaidia asianze na kutafuta kipaji, kwa sababu kipaji cha beki hakionekani mapema. Aanze na mahali pa kuchezea, na asimhukumu mchezaji kabla ya miaka 25. Uwanja kamili wa magongo ya barafuni una urefu wa mita 60 na upana wa mita 26 hadi 30. Kenya haina hata mmoja.